Kitenganishi cha Vumbi cha Kujitengenezea: Maswali Kuhusu Ukubwa wa Midomo na Mipira

Karakana yangu iko Kariobangi Light Industries, Nairobi. Wengi wa majirani zangu wanachomelea vyuma, mimi napasua mbao. Tangu nifunge kitenganishi cha vumbi nilichojitengenezea, haipiti wiki bila fundi mwenzangu kusimama mlangoni na tepu ya kupimia mkononi akiuliza: mpira wa inchi ngapi? Swali linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kama vumbi litaingia pipani au kifuani mwako. Nimeyaweka hapa maswali ninayoulizwa zaidi, pamoja na majibu ninayoyatoa.

Kitenganishi ni kitu gani hasa?

Umeona kinu cha posho. Juu yake kuna koni ya mabati, pana juu na nyembamba chini, na unga hushuka kwenye koni hiyo mpaka kwenye gunia. Ile ndiyo saikloni. Kinu hupuliza hewa na unga kwa pamoja, mchanganyiko huo unaingia kwenye koni kwa ubavu na kuzunguka ukutani kwa kasi. Unga ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unasukumwa ukutani, unapoteza mwendo na kuporomoka. Hewa inatokea juu, katikati.

Kitenganishi cha vumbi la mbao ni kitu kile kile. Hakina mota. Kinakaa kati ya mashine ya mbao na kile kinachovuta, kikamate maranda na vumbi zito kabla hayajafika kwenye chujio. Ukiwa na vakyumu, yaani mashine ya kufyonza vumbi, bila kitenganishi, chujio linaziba ndani ya dakika chache za kupiga msasa na mvuto unakufa. Ukiwa nacho, unamwaga ndoo badala ya kukung'uta chujio.

Tofauti moja uishike tangu sasa: kinu hupuliza, sisi tunavuta. Gunia la posho likiwa na tundu, unga unaruka nje na utauona. Pipa letu likiwa na tundu, hewa ya nje inaingia ndani na hutaona chochote, ila vumbi litaendelea kupita hadi kwenye chujio.

Basi nitumie mpira wa inchi ngapi?

Usianze na mpira. Anza na kinachovuta. Kuna mashine za aina mbili, na watu huzichanganya kwa sababu zote mbili zina mota na zote zinavuta hewa.

Vakyumu, iwe ya nyumbani au ile ya karakana yenye tangi, huvuta hewa kidogo kwa nguvu nyingi. Nyingi za kawaida huandikwa kwenye boksi kama mita za ujazo 180 hadi 220 kwa saa, na mvuto wa kilopaskali 20 hivi. Feni ya vumbi, ile yenye panga kubwa la chuma na mfuko wa kitambaa juu, ni kinyume chake. Inasukuma hewa nyingi sana, lakini mvuto wake ni kilopaskali 2 au 2.5 tu. Ukiziba mdomo wa vakyumu kwa kiganja utahisi ngozi inavutwa. Ukiziba mdomo wa feni, unauondoa mkono bila shida.

Kwa vakyumu, tumia mpira wa milimita 38 hadi 50, yaani inchi moja na nusu hadi mbili. Milimita 63 inafaa tu kama vakyumu yenyewe ni kubwa, mpira ni mfupi na unachovuta ni maranda ya randa. Kwa feni ya nguvu-farasi 1, tumia inchi 4. Kwa feni ya nguvu-farasi 2, njia kuu iwe inchi 5 au 6, kisha ishuke hadi inchi 4 ikifika kwenye mashine. Mdomo wa kitenganishi ufuate ukubwa huo huo wa mpira.

Hizo namba zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye kasi ya hewa. Vumbi la mbao haliendi kwa kuvutwa, linaenda kwa kubebwa na upepo. Upepo ndani ya paipu ukiwa na kasi ya mita 20 kwa sekunde hivi, unabeba vumbi na maranda bila kuyaangusha njiani. Wanaochora mifumo ya viwandani hukaa kati ya 18 na 23.

Sasa angalia kila ukubwa unahitaji hewa kiasi gani ili kufikia mita 20 kwa sekunde. Mpira wa milimita 38 unahitaji mita za ujazo 82 kwa saa. Wa milimita 50 unahitaji 141, na wa 63 unahitaji 224. Wa milimita 100 unahitaji 565. Wa milimita 150 unahitaji karibu 1,270. Inchi 4 si mara mbili ya inchi 2, ni mara nne, kwa sababu eneo la duara linakua kwa kipenyo kuzidishwa kwa chenyewe.

Rudi kwenye vakyumu yetu ya mita za ujazo 200. Namba ya boksi hupimwa mdomo ukiwa wazi. Ukishafunga mpira, chujio na kitenganishi, mara nyingi unabaki na nusu hadi theluthi mbili ya hewa hiyo, tuseme 100 hadi 130. Kwenye mpira wa milimita 38, hiyo ni zaidi ya mita 24 kwa sekunde. Kwenye wa 50 uko ukingoni, lakini mpira mpana hauzuii hewa sana kama mwembamba, kwa hiyo mtiririko unaongezeka na unafika. Kwenye wa milimita 100, hata ukipata zote 200, kasi ni mita 7 kwa sekunde. Upepo wa namna hiyo haubebi maranda.

Nina paipu ya inchi 4 tayari ukutani. Nikiunganisha vakyumu si itavuta tu, hata kama polepole?

Itavuta hewa. Maranda yatabaki.

Nililiona hili kwa macho yangu kwa jirani, seremala wa makabati. Alikuwa amepitisha paipu ya maji taka ya inchi 4 ukutani, mita 6 hivi, na mwishoni akafunga vakyumu. Siku za kwanza ilionekana kufanya kazi. Wiki ya tatu akasema vakyumu imeharibika. Tulilegeza kiungo kimoja na kuishusha paipu: nusu ya chini ilikuwa imejaa vumbi la MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi), limeshikamana kama unga wa muhogo uliolowa kisha ukakauka, na juu yake umebaki mwanya wa vidole vitatu. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba paipu ilijipunguza yenyewe mpaka hewa ikapata kasi. Vakyumu ilikuwa nzima kabisa. Tukaing'oa paipu ile, tukaweka ya inchi mbili, na mpaka leo anaitumia.

Na nikifunga feni ya vumbi kwenye mpira mwembamba wa vakyumu, si upepo utakuwa mkali zaidi?

Hapana, na hili ndilo kosa linalouma zaidi kwa sababu feni ni ghali. Feni haina nguvu ya kulazimisha hewa ipite mahali pembamba. Kwa kiasi kile kile cha hewa, ukipunguza kipenyo kwa nusu, upinzani wa paipu unaongezeka takriban mara 32. Feni yenye kilopaskali 2 haina pa kuutoa mvuto huo. Itazunguka, italia, na kwenye msumeno vumbi litakurukia usoni kama zamani.

Kama mashine yako ina mdomo mdogo, sanda ya mkono (mashine ya kupigia msasa) kwa mfano, na huna kingine ila feni, fanya mpira mwembamba uwe mfupi sana, mita moja au pungufu. Kisha ufungue mdomo mwingine mahali pengine kwenye njia kuu, ili feni ipate hewa ya kutosha na njia kuu isipoteze kasi. Ila ukweli ni kwamba sanda na vakyumu ni ndugu. Ziache pamoja.

Mdomo wa kuingilia na wa kutokea vilingane?

Wa kutokea usiwe mdogo kuliko wa kuingilia. Kwenye kitenganishi cha ndoo vinaweza kulingana. Kwenye saikloni ya koni, wa kutokea unapaswa kuwa mkubwa kidogo.

Watu wengi hufikiri kubana mdomo wa kutokea kutaongeza mzunguko ndani. Kunachoongeza zaidi ni upinzani kwa kinachovuta. Mzunguko unatokana na kasi ya hewa inapoingia, na pia pembe yake. Kwa hiyo ukitaka kuuboresha, shughulika na mlango wa kuingilia.

Saikloni ya koni niipime vipi? Nataka kumpelekea fundi wa mabati vipimo.

Hapa ndipo napenda watu wakae chini na kalamu. Vipimo vyote vya saikloni vinatokana na kipenyo kimoja, kile cha pipa la juu la koni. Kuna uwiano wa zamani uliojaribiwa sana viwandani: mlango wa kuingilia uwe mstatili, urefu wake kwenda juu nusu ya kipenyo, upana wake robo ya kipenyo. Paipu ya kutokea iwe nusu ya kipenyo. Pipa la juu liwe na urefu mara mbili ya kipenyo, na koni mara mbili pia. Tundu la chini la kudondoshea liwe robo ya kipenyo, ila kwa maranda marefu ya randa ningelipanua kidogo lisizibe.

Chukua mpira wa milimita 100. Eneo lake ni milimita za mraba 7,850. Pipa la kipenyo cha milimita 250 litakupa mlango wa 125 kwa 62, na eneo lake ni karibu lile lile. Kwa hiyo mwambie fundi: pipa la sentimita 25, mlango wa sentimita 12.5 kwa 6.2, paipu ya kutokea ya sentimita 12.5, urefu wote mita moja. Kwa mpira wa milimita 50 na vakyumu, gawanya kila kitu kwa mbili: kipenyo sentimita 12.5, urefu nusu mita. Ni kitu kidogo, kinakaa juu ya ndoo.

Mlango uwe mstatili ili hewa iingie ikiwa imelala ukutani. Ukichomeka paipu ya mviringo moja kwa moja, sehemu ya upepo inagonga paipu ya kutokea iliyo katikati na kutibuka. Kama huna wa kukutengenezea kipande cha kutoka mviringo hadi mstatili, mviringo bado utafanya kazi, mradi ukingo wake wa nje uguse ukuta bila kuacha hatua. Pitisha kidole ndani. Kidole kikikwama, maranda nayo yatakwama.

Na mwambie huyo fundi, kabla hajaanza, kwamba hii inavutwa. Wengi wa Kariobangi na Kamukunji wameshatengeneza koni za vinu kwa miaka, mikono yao ni mizuri sana, lakini kwa kinu mshono ukivuja kidogo si shida. Kwetu kila mshono uzibwe kwa risasi ya kulehemu au silikoni.

Paipu ya kutokea ishuke ndani kiasi gani?

Ishuke hadi chini kidogo ya ukingo wa chini wa mlango wa kuingilia. Kwenye saikloni ya sentimita 25 hiyo ni sentimita 15 hadi 16 kutoka juu. Ikiishia juu zaidi, vumbi linalokuja linapita njia ya mkato na kutoka kabla halijazunguka hata mara moja. Ikishuka sana kwenye koni, inaanza kunyonya vumbi lililokwisha kutulia.

Mimi sina koni. Nina ndoo ya rangi ya lita 20 na kifuniko. Inatosha?

Inatosha kwa vakyumu. Toboa matundu mawili kwenye kifuniko: moja katikati la kutokea, jingine pembeni la kuingilia, na ndani ya la pembeni funga bendi, yaani kiungo cha kona, inayoelekeza upepo kufuata ukuta wa ndoo. Ukubwa ni milimita 38 au 50 yote mawili. Imwage ikifika nusu. Ikipita theluthi mbili, upepo unalifikia vumbi lililolala na kuliinua tena.

Ukitaka iwe bora, weka sahani ya kutenganisha ndani, sentimita 10 hadi 15 chini ya kifuniko. Ni duara la plaiwudi lenye mkato pembeni, upana wa milimita 28, unaozunguka theluthi mbili ya duara. Sehemu isiyokatwa ikae chini ya mdomo wa kuingilia. Vumbi linaangukia kwenye mkato na kukaa chini, na upepo wa juu hauligusi tena. Sahani hiyo hiyo kwa kipimo kikubwa, kwenye pipa la lita 120 au 200 na midomo ya inchi 4, ndiyo ninayompendekezea mwenye feni ya nguvu-farasi 1. Ni nafuu kuliko koni.

Ndoo yangu imejikunja ndani. Nilikosea wapi?

Hukukosea kwenye ukubwa wa mpira. Kuna kitu kiliziba.

Yangu ilijikunja nikipitisha mbao za saipresi kwenye randa. Kipande cha fundo kilichomoka, kikaingia kwenye mpira na kulala kwenye bendi kama kizibo cha chupa. Mlio wa vakyumu ulipanda, kisha ukaja mshindo, na kifuniko kikazama ndani na ubavu wa ndoo ukabonyea. Jioni nikapiga hesabu. Kifuniko cha sentimita 30 kina eneo la mita ya mraba 0.07. Kwa mvuto wa kilopaskali 20, hewa ya nje inakikandamiza kwa uzito wa kilo 140 na zaidi. Ni kama watu wazima wawili wamesimama juu yake.

Dawa zake ni tatu, na ningezifanya zote. Weka ndoo moja ndani ya nyingine, zinaposhikana zinakuwa ngumu. Pigilia duara la plaiwudi la milimita 12 au 18 juu ya kifuniko. Na toboa tundu la milimita 25 kwenye kifuniko, ulifunike kwa ndani kwa kipande cha bati kinachoshikwa na springi laini. Mvuto ukizidi, bati linafunguka na hewa inaingia. Pipa la chuma nalo linabonyea, usilitegemee kwa sababu tu ni chuma. Mapipa ya plastiki nene ya bluu yenye pete ya kubana mdomoni ndiyo yanayostahimili zaidi.

Nimenunua mpira wa inchi 4 na paipu ya inchi 4, na haviingiani. Nimeuziwa kitu kibovu?

Pengine vyote ni vizima. Paipu ya PVC ya maji taka inayoitwa inchi 4 hapa kwetu hupimwa kwa nje, na nje yake ni milimita 110. Mpira wa inchi 4 hupimwa kwa ndani, milimita 100 au 102. Hauwezi kuvaa juu ya paipu ya 110. Katika duka moja mjini niliambiwa kwa uhakika kabisa kwamba inchi 4 ni inchi 4, nikabeba mita 5 za mpira hadi nyumbani, na hazikuingia. Hawakukubali kuzirudisha.

Siku hizi nabeba kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, na kipande cha paipu mfukoni. Pima ndani na nje ya kila kitu kabla hujalipa. Paipu ya inchi 2 hupimwa kwa nje milimita 50, na ya inchi moja na nusu milimita 40. Mipira ya vakyumu ndiyo yenye fujo zaidi: 32, 35, 38, na ncha zake zina umbo la koni kidogo, kwa hiyo ncha ileile inaweza kukupa vipimo viwili.

Mpira ukikataa kwa milimita chache, utie ncha yake kwenye maji ya moto dakika moja, uusukume ukiwa laini, ufunge klipu. Ukikataa kabisa, tengeneza pete ya mbao. Mimi natoboa duara kwenye plaiwudi kwa kipimo cha mpira, duara jingine kwa kipimo cha paipu, nagundisha pamoja na kulainisha hatua ya katikati kwa msasa. Pete hiyo haibani njia, tofauti na redusa (viungo vya kupunguza ukubwa) za mabomba ya maji, ambazo nyingi zina ukuta wima ndani unaokusanya maranda.

Mpira uwe na urefu gani?

Mfupi kadiri unavyoweza. Mpira wenye mikunjo unazuia hewa mara mbili hadi tatu kuliko paipu laini ya ukubwa ule ule. Ukutani tumia paipu, na mpira uwe kipande cha mwisho tu kinachohitaji kujongea. Kona kali ya nyuzi 90 ibadilishe na bendi mbili za 45 zenye nafasi kati yake. Kwa tawi tumia wai (kiungo cha umbo la Y), usitumie tii (cha umbo la T).

Feni yangu imekuja na wai ya midomo miwili ya inchi 4. Nitumie yote?

Itazame vizuri nyuma yake. Mara nyingi mdomo halisi wa feni ni inchi 5 au 6, na wai imechomekwa tu. Ukitumia mdomo mmoja na kuziba mwingine, feni ya mdomo wa inchi 6 umeikaba hadi chini ya nusu ya njia yake. Ing'oe, endesha paipu kubwa mpaka kwenye kitenganishi, na ugawanye ukifika kwenye mashine. Duara mbili za milimita 100 zina eneo linalokaribia la moja ya 150, kwa hiyo feni ya mdomo wa 150 inaweza kuhudumia mashine mbili zilizo wazi kwa wakati mmoja. Ya tatu iwe na kifungio cha kuteleza, na kiwe kimefungwa.

Msumeno wa meza una mdomo wa inchi mbili na nusu. Niupanue?

Kama una feni, ndiyo. Tengeneza boksi la plaiwudi chini ya blade na ulipe mdomo wa inchi 4. Kama una vakyumu, uache, ila ujue vumbi linalorushwa juu ya meza na meno ya blade halitakamatwa na mdomo wa chini, hata uwe mpana vipi. Hilo linahitaji mpira wa pili kwenye kinga ya blade, inchi moja na nusu au mbili.

Je, kuwa Nairobi kunabadilisha chochote?

Kunabadilisha. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na ya Mombasa. Feni inazungusha ujazo ule ule, lakini mvuto wake unapungua kwa kiasi hicho hicho. Ile iliyoandikwa kilopaskali 2.5 inakupa kama 2. Saikloni nzuri pekee inaweza kula nusu kilopaskali hadi kilopaskali 1. Ndiyo maana mfumo ulioonekana mzuri kwenye video ya mtu wa pwani ya Marekani unaweza kuchoka hapa ukiuiga kipimo kwa kipimo. Punguza urefu wa mpira, punguza kona, usiende ukingoni.

Vipi kuhusu umeme wa tuli na moto?

Paipu za plastiki zitakupiga cheche kidogo siku za ukavu. Zungushia waya wa shaba mtupu na uufunge kwenye mwili wa chuma wa mashine yenye ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini). Inasaidia usishtuke.

Moto wa kweli ninaouogopa ni msumari. Wengi wetu tunanunua mbao za paleti kutoka Industrial Area. Blade ikikata msumari, cheche inavutwa hadi kwenye pipa la vumbi kavu na inaweza kufuka kimyakimya hadi usiku. Kagua mbao kabla ya kupasua, usiunganishe kabisa grainda kwenye mfumo huu, na umwage pipa kabla ya kufunga karakana.

Nikishafunga kitenganishi, niache barakoa?

Usiiache. Naomba usome hili hata kama mengine umeyaruka. Kitenganishi kinakamata kinachoonekana. Vumbi laini zaidi, lile linaloelea kwenye mwanga wa jua dirishani, linapita humo na kufika kwenye chujio, na kama chujio ni kitambaa chepesi linarudi hewani unamopumua. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mashimo yake. Mvule unajulikana kwa kuwasha ngozi na kuchochea pumu. MDF nyingi ina gundi yenye fomaldehidi, na fomaldehidi imo kwenye kundi hilo hilo.

Weka chujio la daraja la HEPA, lile linalonasa vumbi laini sana, kwenye vakyumu. Kama una feni, itoe hewa yake nje kabisa, isielekee kwa jirani. Na vaa barakoa unapopiga msasa. Nina wazee wawili ninaowaheshimu sana katika kazi hii, walionifundisha kuunga mbao, ambao leo hawawezi kupanda ngazi za ghorofa moja bila kupumzika. Kama umeajiri vijana, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakupa wajibu wa kuwalinda na vumbi hili.

Nitajuaje kama kuna mahali panavuja?

Washa kijiti cha ubani, uwashe vakyumu, upitishe moshi polepole kwenye kila kiungo. Moshi ukivutwa ndani, hapo ndipo. Anza chini, pale koni inapokutana na pipa. Kuvuja kwa pale ni kubaya kuliko kwingine kokote, kwa sababu hewa inayoingia chini inalipuliza vumbi lirudi juu katikati ya saikloni na kutoka nalo. Mtu akiniambia chujio lake linajaa ilhali pipa ni tupu, sipimi midomo. Naenda kwenye raba ya kifuniko.

Kuna njia ya kupima bila vifaa vya bei?

Kwa mwenye feni ipo, na inatumia ule mpira mwangavu wa kupimia levo wa mafundi wa ujenzi. Kata mita moja na nusu, ipinde kama herufi U ukutani, utie maji yenye rangi hadi katikati. Ncha moja ichomeke kwenye katundu kabla ya kitenganishi, nyingine kwenye katundu baada yake, kisha uwashe feni. Maji yatapanda upande mmoja. Kila sentimita 10 za tofauti ni kilopaskali 1. Usijaribu kwa vakyumu, maji yote yatanyonywa.

Yangu husoma sentimita 7, na nimeichora mstari kwa kalamu ya rangi. Siku moja asubuhi nikakuta maji yako kwenye 15. Nikafungua kifuniko, nikatia mkono kwenye mlango wa kuingilia, nikachomoa kipande cha plaiwudi cha ukubwa wa kiganja, na nyuma yake maranda ya mahogani yamejipanga kama kiota. Nilipofunga na kuwasha, maji yakarudi kwenye mstari.